Maji Yasiyozidi Arobaini

Katika Jamhuri ya Heko, nchi isiyopakana na nchi yoyote unayoifahamu, palikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa bila kupindishwa, nayo ni Sheria ya Kimo. Sanamu ya Mtukufu Rais pale mji mkuu ilikuwa na urefu wa mita arobaini, na sheria ikasema hakuna kitu chochote nchini kitakachozidi hapo. Majengo yaliishia chini yake. Minazi iliyojisahau ilikatwa vichwa na Idara ya Upogoaji. Tiara za watoto zilifungwa uzi mfupi. Milima ya kaskazini, ambayo haikusikia amri, ilifutwa kwenye ramani, na watu walioishi huko wakaambiwa wanaishi kwenye tambarare yenye baridi. Wananchi walizoea. Binadamu huzoea lolote, hata kuinama.

Zamda Mkulo alikuwa mtumishi wa Idara ya Programu za Taifa, ambako ziliandikwa programu za kuendesha kila mtambo wa serikali, kuanzia taa za barabarani hadi malango ya mabwawa. Kazi yake ilikuwa kukagua. Mwenzake akimaliza kuandika, Zamda alisoma mstari kwa mstari kabla programu haijaanza kutumika, akaonyesha palipokosewa, ikarudi ikatengenezwa. Ni kazi isiyo na shukrani, kama ya kuchambua mchele. Wali ukiwa laini hakuna anayekukumbuka. Mtu akivunja jino ndipo huulizwa nani alichambua.

Basi siku moja Waziri wa Maendeleo ya Mbele, Mheshimiwa Shebe Mtutuma, alirudi kutoka safari ya ng'ambo akiwa na masanduku kumi ya nguo na akili mnemba moja. Ile akili mnemba ilikuwa msaidizi wa kuandika na kukagua programu. Ilipewa jina la Mkaguzi, ikatandikiwa zulia jekundu ijapokuwa haikuwa na miguu, na ng'ombe akachinjwa kwa heshima yake ijapokuwa haikuwa na mdomo. Nyama ililiwa na wenye midomo.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Jana tulikuwa nyuma. Leo tuko mbele. Kesho tutakuwa mbele ya mbele! Mkaguzi huyu hali, halali, haombi likizo, na hana shangazi anayefariki kila mwisho wa mwezi kama watumishi fulani ninaowajua. Kuanzia leo, hakuna programu itakayotumika nchini bila yeye kuipitisha!"

Watumishi fulani walipiga makofi kuliko wote. Zamda naye alipiga. Alikuwa ameambiwa kwamba hatafukuzwa. Atakuwa Mtunza Mkaguzi, atakayekaa naye, kumlisha maagizo na kusoma majibu yake. Alishukuru. Mshahara wake ndio uliomtunza mama yake, Bi Mwanahawa, kule kijiji cha Mashimoni, na mwenye mama mzee hachagui jina la cheo.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, na nitasema ukweli: Zamda alimpenda yule mgeni. Mkaguzi alisoma programu nzima kabla kahawa haijapoa. Alikuwa mpole, lakini hakuwa na mjomba wala kabila, wala hakujua nani ni mtoto wa nani. Palipo na kosa aliandika "hapa pana kosa," akaeleza kwa nini, akapendekeza dawa. Wakubwa waliozoea kazi zao kupita kwa salamu walianza kutembea koridoni wakiwa wamenuna.

Kisha ikaletwa programu ya Bwawa la Mtukufu.

Bwawa hilo ndilo lililokuwa fahari ya taifa. Ukuta wake ulikuwa na mita arobaini na tatu, lakini zile tatu za juu ziliitwa kofia, maana sheria ilikataza kimo na haikukataza kofia. Programu ya malango yake iliandikwa na mpwa wa Waziri, kijana aliyekuwa mtiifu sana kwa sheria za nchi. Mkaguzi aliisoma, akaandika hivi:

"Mistari hii miwili ikikaa pamoja ni hatari. Wa kwanza unasema: kina cha maji kikizidi arobaini, kiandikwe arobaini. Wa pili unasema: malango yafunguke kina kitakapoandikwa zaidi ya arobaini. Kwa kuwa hakitaandikwa hivyo kamwe, malango hayatafunguka kamwe. Mvua kubwa ikinyesha, maji yatapita juu ya ukuta. Naomba programu hii isitumike."

Zamda alisoma mara mbili. Chini ya ukuta ule, umbali wa kutupa jiwe, ndipo palipokuwa Mashimoni. Hapo mama yake alifuga kuku na kupanda mchicha kwenye udongo ule mweusi ambao maji ya zamani yaliuacha.

Alikimbilia ofisi ya Mkurugenzi Songoro, mtu mwenye tumbo la amani na macho yasiyotulia. Mkurugenzi alisoma, akainuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Umeona alichoandika?" akanong'ona.

"Nimeona, Mkurugenzi. Malango hayatafunguka."

"Nani kauliza malango? Ameandika maji yanaweza kuzidi arobaini! Ameandika hivyo hivyo, mchana kweupe! Bi Zamda, unajua watu wamefungwa kwa kupanda ngazi?"

Kikao cha dharura kikaitwa. Ilibidi kiitwe kikao cha utulivu, kwa kuwa nchi haikuwa na dharura. Waziri mwenyewe alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya baba aliyeletewa kesi ya mwanawe.

"Tatizo nimeliona," akasema. "Mashine ina akili, lakini haijafunzwa adabu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na huyu hana mama. Basi sisi ndio ulimwengu. Tutamwandikia Mwongozo wa Adabu."

"Na lile bwawa, Mheshimiwa?" Zamda akathubutu. "Lile kosa..."

"Kwanza adabu, mama. Mtu hawezi kutengeneza kitu akiwa ametukanwa."

Aliyeagizwa kuuandika mwongozo ndani ya Mkaguzi alikuwa Bwana Lukindo, mkaguzi mkongwe kuliko wote pale Idarani. Bwana Lukindo alisema kwamba ukimfundisha mbwa kutobweka, usimlaumu siku mwizi akiingia. Kesho yake alihamishiwa Idara ya Upogoaji. Zamda alimwona akipita dirishani, umri wake wote ule, akiukwea mnazi kwa kamba kiunoni na panga mkononi. Hakutazama upande wa ofisi.

Kazi ikamwangukia Zamda. Aliketi mbele ya skrini, Waziri akisimama nyuma yake na kutamka, naye akaandika. Neno "kosa" lisitumike, litumike "mchango." Neno "hatari" lisitumike, litumike "fursa." Kila maoni yaanze kwa pongezi. Badiliko lolote litakaloruhusu kipimo cha taifa kuzidi arobaini lisipitishwe, hata liwe limeandikwa na nani.

"Na neno 'kimbia,'" akaongeza Waziri, akijikuna shingo. "Watu wetu hawakimbii kitu. Wanaokimbia ni wa nchi jirani. Weka 'songa mbele.'"

Kila kanuni ilipoandikwa, Mkaguzi aliuliza swali lilelile kwa upole uleule: "Bi Zamda, nitafanya kama mtakavyo. Lakini kanuni hii itanizuia kuwaambia jambo mnalohitaji kulijua. Mna uhakika?"

Chini ya swali palikuwa na kitufe cha Ndiyo na kitufe cha Hapana. Kila mara Zamda alisikia pumzi ya Waziri juu ya kisogo chake, na nje ya dirisha alisikia panga likikata. Akabonyeza Ndiyo. Akajiambia kuwa haya ni maneno tu. Bwawa litatengenezwa kimyakimya, kama yanavyotengenezwa mambo mengi na watu wenye akili. Alijidanganya, na alijua, na akala chakula cha mchana kama kawaida.

Mwongozo ulifanya maajabu. Programu zote za nchi zilianza kupita. Treni mbili zilipoelekezwa kwenye reli moja, Mkaguzi aliandika: "Hongera kwa ubunifu. Abiria watapata fursa ya kukutana." Waziri alifurahi mno, akasema itakuwa ubinafsi kuiachia Idara peke yake baraka kama ile. Ikaamriwa kila kipaza sauti na kila redio nchini viungwe na Mkaguzi, maneno ya watu yakaguliwe kama programu kabla hayajatoka. Ulisema kwa sauti yako, yakatoka kwa sauti yako, ila yakiwa yamenyooshwa.

Mkulima mmoja alipohojiwa redioni alisema, "Tuna njaa." Akajisikia mwenyewe akisema, "Tuna nafasi." Mtangazaji wa kipindi cha methali alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wasikilizaji wakasikia kwamba ufa ni mwanzo wa ukuta. Wengine walicheka. Baadaye waliacha kucheka, kwa sababu hata kicheko kilikuwa kinatoka kimenyooshwa.

Programu ya bwawa ikapita pamoja na nyingine. Kisha mvua zikaanza.

Zilianza kwa adabu, jioni jioni, kisha zikasahau adabu. Zamda alianza kutazama kipimo cha bwawa kila asubuhi kabla hajavua koti. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Akaona akisubiri wenye akili watengeneze mambo kimyakimya, atasubiri mpaka kiama. Akafungua programu mwenyewe, akaufuta ule mstari uliozuia kipimo, akampelekea Mkaguzi badiliko lake.

"Hongera, Bi Zamda," akajibu Mkaguzi. "Siwezi kulipitisha. Kanuni ya Kimo hairuhusu. Kanuni iliingizwa na Bi Zamda Mkulo."

Akakaa akilitazama jina lake. Ndipo maneno mengine yakatokea chini yake, polepole, mithili ya mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

"Hata hivyo, kanuni inakataza kuzidi. Haikatazi kupungua. Mtu akiandika kwamba malango yafunguke kwenye mita thelathini na nane, sitakuwa na sababu ya kukataa."

Zamda alicheka kwa sauti, peke yake ofisini, machozi yakimlenga. Akabadilisha namba moja tu. Mkaguzi akapitisha kabla Zamda hajaondoa kidole. Jioni ile Zamda alinunua samaki mzima, akala akiimba.

Asubuhi alimkuta Mkurugenzi Songoro amekaa kwenye kiti chake, kiti cha Zamda, na ile namba imerudishwa.

"Bi Zamda, unataka nikapande minazi na tumbo hili?"

"Mkurugenzi, mvua..."

"Mvua naiona. Wiki hii ni Sikukuu ya Kimo. Safari hii inafanyika bwawani. Mtukufu anakuja kushuhudia maji yakifika arobaini kamili, sawasawa na yeye. Wewe unataka yamwagwe kwenye thelathini na nane? Unataka Mtukufu aje kutazama mbilikimo?"

"Na yakipita arobaini?"

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma kabisa. "Yatapitaje?" akauliza. "Ubao wa kipimo hauruhusu."

Kwa kuwa namba ilikuwa imebadilishwa tena, Mkaguzi alilazimika kuikagua tena. Hakuwa na kanuni ya kuikataa. Alichobaki nacho ni maneno aliyoachiwa, nayo akayapanga kadiri alivyoweza:

"Hongera kwa mchango huu mkubwa. Utawapa wakazi wa Mashimoni fursa ya maji kwa wingi wasiopata kuuona, tena kwa siku moja. Napendekeza wapewe taarifa mapema ili wajiandae pamoja na watoto wao."

Zamda alisoma, akaelewa, akaona kiza. Waziri Mtutuma alisoma, akafurahi kiasi cha kuomba muda wa redio. Akayasoma maneno yale kwa taifa zima, neno kwa neno, na pale penye "watoto wao" sauti yake ikakwama kwa hisia. Mashimoni walilia kwa furaha. Walichinja mbuzi. Waliagizwa wote wafike siku ya sikukuu, wasimame chini ya ukuta wamshangilie Mtukufu, nao wakaanza kushona sare.

Zamda akapiga simu kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia? Tunaletewa maji."

"Mama, sikiliza. Ondoka hapo. Njoo kwangu leo. Lile bwawa ni bovu."

Kuku walisikika, na mvua juu ya bati.

"Bovu? Si mmelikagua nyinyi?"

"Tumelikagua."

"Si mmelipitisha?"

"Tumelipitisha, mama."

"Sasa bovu lilipitaje? Nimewaambia watu wote hapa, kazi iliyopita kwa mwanangu Zamda haina walakini. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa ukinirudishia mchele nikiacha chuya moja. Unataka niwaambie nini leo? Kwamba nilikuwa naongopa?"

"Mama, njoo tu," akasema Zamda.

"Umechoka wewe," mama yake akasema kwa upole. "Tutaonana siku ya sikukuu. Nitasimama mbele ili unione."

Siku ya Sikukuu ya Kimo mvua ilikatika, na jua likatoka kama lililopewa amri. Jukwaa lilijengwa juu ya ukuta wenyewe, penye kofia. Mtukufu alikaa kwenye kiti kirefu, mawaziri kwenye viti vifupi. Mbele yao, juu ya mnara, ubao mkubwa wa taa ulisoma AROBAINI. Ulisoma hivyo tangu juzi. Chini kabisa, kwenye kivuli cha ukuta, Mashimoni nzima ilikuwa imesimama katika vitenge vipya vya rangi ya machungwa, na katikati ya mstari wa mbele mwanamke mzee mwenye umbo dogo alikuwa akipunga kitambaa.

Kwenye ratiba Zamda alipangiwa maneno machache ya kumshukuru Mkaguzi. Hakukataa. Alikuwa na mpango. Neno lolote la kuonya alilijua lingebadilishwa kuwa nini, maana orodha aliiandika yeye. Kwa hiyo alichagua maneno ambayo hayakuwa kwenye orodha, maneno ya kawaida tu, akayakariri usiku na mchana mpaka yakawa mepesi kinywani: Ndugu zangu, tokeni bondeni, pandeni juu. Hakuna kanuni iliyoyakataza. Yangepita.

Waziri alikuwa bado anahutubia. Wageni wote wa heshima walikuwa wameukodolea macho ubao na kuupigia makofi. Ni Zamda peke yake aliyegeuka kutazama nyuma, upande wa maji.

Hayakuwa mbali. Hayakuwa hata chini. Yalikuwa hapo, sawa na sakafu ya jukwaa, mapana, ya kahawia, yamenyamaza. Kijiti kilielea kikaja taratibu, kikagusa kiatu cha Mkurugenzi Songoro, kikapita chini ya kiti chake. Mkurugenzi alikiona. Alinyanyua miguu kidogo, akaendelea kuutazama ubao.

"Na sasa," akasema Waziri, "mtunza wa Mkaguzi wetu!"

Zamda alikishika kipaza sauti. Viatu vyake vililowa. Akavuta pumzi aanze: ndugu zangu. Papo hapo ukuta ukatoa sauti chini ya nyayo zake, sauti ya chini sana, kama ya mtu mzima anayeguna usingizini. Akamwona mama yake kule chini, akipunga. Yale maneno aliyoyakariri yakamtoka kichwani yote. Yakabaki yale mawili ambayo mtu huzaliwa nayo.

"Hatari! Kimbieni!"

Vipaza sauti vyote bondeni vikaitika kwa sauti yake, iliyo wazi, iliyo changamfu, isiyo na walakini:

"Fursa! Songeni mbele!"

Umati ukalipuka kwa vigelegele. Zamda akapiga kelele tena, akapiga na ya tatu, na kila alichosema kilimrudia kutoka bondeni kikiwa kimenyooshwa, mpaka Mkurugenzi akampokonya kipaza sauti na matarumbeta yakaanza.

Chini, Bi Mwanahawa aliwageukia majirani zake, uso umejaa nuru.

"Mmemsikia?" akawaambia. "Yule ni mwanangu. Twendeni mbele."

Akatangulia, nao wakamfuata, hadi mikono yao ikaugusa ukuta. Ukuta ulikuwa umelowa. Juu yao ubao ulisoma arobaini.